Barua ya wazi kwa wanaojenga nyumba za bei nafuu: nyaya za stima nazo zitengenezewe karakanani

Kwa Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu, Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA) na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA)

Waheshimiwa,

Mlipotangaza kwamba milango ya nyumba za bei nafuu itanunuliwa kutoka kwa mafundi wa jua kali, mlikubali jambo kubwa kuliko milango yenyewe. Mlikubali kwamba sehemu ya nyumba inaweza kutengenezewa mbali na mjengo, ikakaguliwa, ikapewa nambari, kisha ikaletwa ikiwa tayari kufungwa. Nawaandikia kuomba nyaya za stima zipewe nafasi hiyo hiyo, na zipewe mapema, kabla mtu hajawauzia kontena la nyaya zilizokwisha kukatwa ng'ambo.

Mimi ni fundi wa stima mwenye leseni. Karakana yangu iko Kariobangi Light Industries, imebanwa kati ya mchomeleaji wa mageti na jamaa wa mashine ya kuchonga vyuma. Vijana ninaofanya kazi nao hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba hizi, nami kama mwajiri naongeza kiasi hicho hicho, kama Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inavyotaka. Tunayo haki basi ya kuuliza pesa hizo zinavyofukiwa ndani ya kuta.

Zinafukiwa hivi. Mafundi wa vyuma wamemaliza kufunga slabu jioni, na lori la zege limeitishwa saa kumi na mbili asubuhi. Katikati ya hapo ndipo fundi wa stima anapopewa nafasi yake. Anapiga magoti juu ya vyuma, anapinda paipu ya milimita 20 kwa springi, anaifikisha kwenye boksi la duara la taa na kuikaza kwa waya wa kufungia vyuma. Boksi analijaza karatasi ya mfuko wa simiti ili zege lisiingie. Alfajiri watu wa mkono wanafika na matoroli na kukanyaga kila kitu, kwa sababu hakuna pengine pa kukanyaga. Mbao zikishaondolewa ndipo ukweli unapojulikana: boksi moja limezama vidole viwili ndani ya zege, paipu nyingine imepondeka na waya haupiti, na ile ya jikoni imetokea upande usio wake wa ukuta. Hapo grenda inaitwa. Zege lililolipiwa leo linachimbwa wiki ijayo, na anayelichimba analipwa pia.

Ingekuwa kila nyumba ina ramani yake, ningenyamaza. Anayejenga bangalo moja Karen, akiwa na mke mwenye maoni, hana la kufanya ila kumwita fundi na kuchora kwa chaki ukutani. Lakini nyinyi mnajenga kitu kimoja mara mamia. Park Road pale Ngara peke yake ni nyumba 1,370. Mukuru ni maelfu. Soketi ya friji iko urefu ule ule kutoka sakafuni, umbali ule ule kutoka mlangoni, ghorofa ya kwanza hadi ya mwisho, na bado kila ghorofa fundi anatoa tepu yake na kuanza kupima upya kana kwamba hakuna aliyewahi kujenga jikoni hiyo.

Karakanani tunafanya hivi. Kuna meza ndefu ya mbao, na juu yake tumechora ukuta wa chumba kwa vipimo vyake halisi. Mahali pa swichi tumepigilia msumari, pa soketi msumari, pa boksi la taa msumari. Waya unatandazwa kufuata misumari hiyo na kukatwa panapostahili, ukiachiwa mkia wa kutosha kuunganishia. Ule wa milimita mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi, wa 6 ni wa jiko. Kahawia, buluu, na kijani chenye mstari wa njano. Fungu zima linafungwa pamoja na kuwekewa kitambulisho: jengo, ghorofa, nyumba, chumba, saketi. Maboksi ya 3x3 na 3x6 yanakazwa kwenye ubapa wa chuma ambao urefu wake ndio urefu wa kutoka sakafuni, hivi kwamba anayeuweka ukutani hawezi kukosea hata akitaka. Paipu zinapindwa kwa kifaa kimoja zote, zinawekwa vifuniko mdomoni na kufungwa kwa mafungu. Sanduku la breka nalo linaunganishwa mezani, chini ya taa nzuri, na mtu aliyeketi. Yeyote aliyewahi kukaza skrubu za breka akiwa amesimama juu ya ngazi kwenye korido yenye giza, huku mtu wa kupaka rangi akimsukuma, anajua hiyo peke yake ni tofauti ya namna gani.

Kisha tunapima. Megger ya volti 500, kifaa cha kupima kama stima inavuja kupitia ganda la waya, inatiwa kwenye kila fungu na kila sanduku. Kanuni inataka angalau megaohmu moja, na waya mpya, mzima, husoma juu sana ya hapo. Usomaji unaandikwa kwenye kitambulisho. Anayepima kwetu ni binti aliyetoka chuo cha kiufundi, na ana kichwa kigumu kinachotufaa sana: kitu kikisoma vibaya anakirudisha mezani bila kumwangalia usoni aliyekitengeneza. Saitini, tarehe ya kukabidhi ikiwa imepita, mtu wa namna hiyo huambiwa asikawize watu.

Mambo haya hayakuanzia Kariobangi. Marekani wanayafanya kwa wingi kiasi kwamba kanuni zao za umeme, NEC, zina sehemu nzima, ya 604, kuhusu nyaya zinazotengenezwa kiwandani. Jengo moja la hospitali ya Miami Valley, mjini Dayton, Ohio, liliwekewa fremu ndefu za dari za korido ambazo mabomba na nyaya zake zilikuwa zimekwisha kufungwa ghalani. Waingereza wana kiwango chao cha nyaya za aina hii, BS 8488, na kuna cha kimataifa cha viunganishi vya nyaya hizo, IEC 61535. Singapore tangu 2014 inataka baadhi ya ardhi ya serikali inayouzwa ijengwe kwa vyumba vinavyotoka kiwandani vikiwa vimemalizika, stima ndani.

Nayataja ili msije mkaambiwa ni ndoto za jua kali. Lakini vilevile nawaomba msiyanunue yalivyo. Mmarekani ana kuta za fremu zenye uwazi ndani, anapitisha humo kebo yenye ganda la chuma linalonyumbuka, na soketi zake ni za volti 120. Sisi tuna mawe, matofali na zege, paipu za plastiki zinazofukiwa, volti 240 na soketi ya matundu matatu ya BS 1363. Seti, yaani mafungu ya nyaya, maboksi na sanduku la breka kwa pamoja, inayofaa Mukuru lazima ibuniwe na mtu anayejua ukuta wa Mukuru. Ule ubapa wa chuma wa maboksi niliousimulia hauhitaji kiwanda cha mabilioni. Unahitaji mashine ya kukatia, ya kutobolea, na jirani mchomeleaji.

Pengine mahali rahisi kuliko pote pa kuanzia ni kwenye kuta za paneli za EPS, zile za povu jeupe na wavu wa chuma ambazo Shirika la Nyumba la Kitaifa lina kiwanda chake cha kuzitengeneza Mavoko. Huko paipu hupitishwa nyuma ya wavu kwa kuyeyusha povu kwa bunduki ya hewa moto, kabla plasta haijapigwa. Paneli zenyewe zimetoka kiwandani kwa vipimo kamili, halafu stima inafuatia kwa kukisia. Ni kama kushona suti kwa vipimo vya mteja na kumwachia apige vifungo mwenyewe njiani.

Sasa niwageukie mmoja mmoja, nikianza na EPRA.

Tatizo la kwanza ni wakaguzi wanaoona paipu yenye waya ndani kabla haijafungwa ukutani na kusema haramu. Kanuni za Uingereza za kufunga stima, BS 7671, ambazo wengi wetu ndizo tulizofundishwa, zinasema kweli kwamba paipu ya kufukiwa ikamilishwe kwanza kati ya boksi na boksi, ndipo waya uvutwe. Lakini kifungu hicho hicho, cha 522.8, kinaweka kando paipu iliyotiwa nyaya mapema na iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya kazi hiyo. Mlango uko wazi kwenye kanuni na umefungwa vichwani mwa watu. Waraka mmoja wa ukurasa mmoja kutoka kwenu ungetosha.

Tatizo la pili ni leseni, na hapa nitasema kinachosemwa kila siku kwenye vibanda vya chai. Kuna mafundi wanaofanya kazi bila leseni na kuna wenye leseni wanaotia sahihi bila kufanya kazi. Cheti cha kumaliza kazi kinachopelekwa Kenya Power ili mita iletwe kinaweza kubeba jina la mtu ambaye hajui hata nyumba iko mtaa gani. Chini ya plasta nyaya hazina jina. Seti ya karakana ina jina, kwa kuwa kitambulisho kina nambari ya leseni ya aliyeipima, tarehe na usomaji. Wekeni wazi mipaka ya dhamana: karakana ijibu kilicho ndani ya seti mpaka kwenye mikia yake, mfungaji ajibu miungano na vipimo vya mwisho. Wala msimsikilize mwenye karakana yeyote atakayewaambia kipimo chake mezani kinafuta kile cha saiti. Seti husafiri kwenye pikapu kupitia Outering Road, hushushwa, hukanyagwa. Ipimwe tena ikishafungwa, mwendelezo wa ethi (waya wa ardhini), mpangilio wa nyaya, na ile breka ya miliampia 30 inayokata stima ikivuja ibonyezwe mbele ya mkaguzi.

Kuna faida nyingine ya EPRA na ya wenzenu wa KEBS, shirika la ubora wa bidhaa. Mjengo mkubwa una mafundi wengi, na kila mmoja hukimbilia duka lake, mara nyingi kwa simu, waya uletwe na bodaboda. Humo ndimo waya wa bandia hupenyea, ule wa shaba nyembamba iliyofunikwa kwa plastiki nene, ulioandikwa 2.5 na haufiki. Roli inayodaiwa kuwa mita 90 nayo huwa haifiki. Karakana hununua kwa shehena moja, risiti moja, alama ya ubora ya KEBS ikionekana kwenye kila roli, na mkaguzi anaweza kukata kipande na kukipima kabla hakijafichwa na plasta. Mabaki pia hupungua. Waya ukikatwa mezani kwa kipimo, kinachobaki cha saketi ndefu kinaingia kwenye saketi fupi. Saitini mabaki huenda kwa wa vyuma chakavu, wakati mwingine na roli nzima nyuma yake.

Kwa NCA sina mengi. Mnaandikisha wakandarasi kuanzia NCA1 hadi NCA8 na wakaguzi wenu huja saiti. Wajue pia njia ya kwenda karakanani, kwa sababu sehemu ya jengo wanalolikagua itakuwa inajengwa huko.

Mengi niliyo nayo ni ya Bodi ya Nyumba, maana nyinyi ndio mnaoshika pesa na ramani.

Karakana ndogo haifi kwa kukosa ujuzi. Inakufa kwa namna inavyolipwa. Mikataba yetu ya ujenzi imezoea kulipa kazi iliyopimwa ukutani, au vifaa vilivyofika saiti. Mkadiriaji gharama, yule ambaye saiti nzima humwita QS, huja na daftari lake na kuhesabu anachokiona. Seti mia mbili zilizokatwa, kupimwa na kufungwa vizuri Kariobangi kwake hazipo. Na shaba hununuliwa kwa pesa taslimu. Kwa hiyo karakana inanunua shaba leo, inafanya kazi yote, inasubiri slabu ichelewe kwa sababu ya mvua au kwa sababu ya simiti, halafu inapeleka, inasubiri QS, inasubiri cheti cha malipo, kisha inajiunga na foleni ya madeni ya serikali ambayo kila Mkenya anaijua. Benki haipokei mafungu ya nyaya kuwa dhamana. Anayeweza kuhimili mwendo huo ni mwenye mtaji mnene peke yake, na huyo ndiye atakayeagiza kontena.

Nawaomba mlipie seti zikiwa karakanani. QS apande matatu au gari la ofisi, aje ahesabu, achague chache za kufunguliwa na kupimwa mbele yake. Tutie sahihi karatasi inayosema kuanzia leo mali hii ni ya mradi, imekatiwa bima, imewekwa kando na ina alama ya mradi. Wajenzi wa majengo makubwa huandikiana karatasi za namna hiyo kwa lifti na jenereta. Sanduku la breka la fundi wa Kariobangi lina ubaya gani?

La pili ni ramani. Udhaifu mkubwa wa njia hii, na sitaki muusikie kwanza kwa wapinzani wake, ni kwamba haivumilii mtu anayebadilisha mawazo. Mwendelezaji mmoja wa nyumba za kupanga huku Eastlands aliagiza kwetu seti za jengo zima. Zikiwa tayari, akaamua jiko lihamie ukuta wa pili kwa sababu ameona jikoni ya namna hiyo mahali. Kila waya wa jiko ukawa umepungua karibu mita moja. Na waya uliopungua hauwezi kuungwa ndani ya paipu. Kiungo lazima kiwe ndani ya boksi ambalo mtu anaweza kulifungua. Zote zikawa za kukatwa upya kutoka kwenye roli mpya. Tulipomwonyesha sahihi yake kwenye ramani alituuliza kama tunataka kazi nyingine au hatutaki.

Serikali isitufanyie hivyo. Msanifu, mhandisi wa stima na mtu wa mabomba waketi pamoja na wamalize ugomvi wao kabla ya slabu ya kwanza. Wakishatia sahihi, anayebadilisha baadaye alipie mabadiliko. Nyinyi mna nafuu ambayo mwendelezaji binafsi hana: ramani ya aina moja mnaweza kuijenga Nairobi, Nakuru na Kakamega, na meza iliyopigiliwa misumari mara moja ikatumika kwa miaka.

Kuna swali litakaloulizwa na viongozi wa vijana, na ni la haki: kazi za mjengo zitaenda wapi? Zile za kuchimba ukuta zitapungua. Kijana anayelipwa kwa siku kushika patasi ataitwa siku chache, na sioni njia ya kulipamba hilo. Kazi inayohamia karakanani ni ya kuketi, ya ndani, haisimami kwa mvua, na wasichana huiingia kwa urahisi kuliko kuingia saiti. NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, inaweza kuwafanyia mtihani wa ufundi wa Grade III papo hapo kwenye meza, kwa kazi wanayoifanya kila siku, badala ya kuwaomba waache kibarua wakatafute kituo. Lakini hesabu hii inasimama tu endapo karakana ziko hapa. Seti zikitua Mombasa zikiwa zimekamilika, kijana wa patasi amepoteza na binti wa megger hajapata. Ndiyo maana natanguliza neno la kutenga. Sheria tayari inazitengea kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya ununuzi wa serikali. Milango mmeitengea jua kali. Ongezeni mstari mmoja kwenye zabuni zijazo: mafungu ya nyaya, maboksi na masanduku ya breka yaunganishwe nchini, katika karakana yenye fundi wa leseni, kaunti ambayo mradi upo au ya jirani.

Msitupe mradi mzima. Chagueni jengo moja Nairobi lenye ghorofa zinazofanana, ghorofa moja ifanywe kama mnavyofanya sasa, ya juu yake ifanywe kwa seti za karakana, mafundi wale wale. QS aandike saa za kazi, mita za waya zilizotupwa, paipu zilizochimbuliwa, na hitilafu zilizoonekana kabla Kenya Power hawajaleta mita. Hesabu ziwekwe hadharani zikitupendelea au zisitupendelee. Kwa upande wetu, tukipata ramani iliyotiwa sahihi wiki sita kabla ya slabu kumwagwa, seti za ghorofa moja zitakuwa zimepimwa na ziko tayari kwa QS kuja kuzihesabu.

Wenu,
Fundi wa stima, Kariobangi Light Industries, Nairobi

Nakala: Shirika la Nyumba la Kitaifa, Kenya Power, KEBS, NITA